Aliyepandisha Maji Gatsata

Xavérine alikuwa na namna yake ya kumtazama dereva mjinga. Hakumwambia neno. Alizima injini, akashusha kioo, akaegemeza kiwiko mlangoni na kumwangalia kuanzia kichwani hadi viatuni, polepole, kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa aliyeletwa sokoni kuuzwa kwa bei ya mzima. Kisha alitema mate upande wa pili, akawasha injini na kuendelea na safari yake. Nimeona wanaume wenye bunduki begani wakigeuza nyuso mbele ya macho yale.

Nilimfahamu mwezi wa nane mwaka 1994, Nyabugogo, chini kabisa ya mji wa Kigali. Mimi naitwa Mugenzi, na wakati huo nilikuwa mtu wa pampu. Nilizaliwa Ngara, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia zamani. Vita vilipokwisha nikarudi nyumbani, kama neno kurudi linamfaa mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Mji haukuwa na umeme wala maji ya bomba. Nyumba nyingi hazikuwa na wenyewe, na sote tulijua kwa nini, kwa hiyo hatukuulizana. Shirika moja la misaada lilikuwa limefunga pampu kando ya mto, likatandaza mabwawa ya turubai ambamo maji yaliwekewa dawa. Asubuhi niliwasha pampu, jioni niliizima, na katikati nilijaza matangi.

Malori makubwa yalipeleka maji kwenye mitaa yenye lami. Lakini kuna milima ambayo lori haliwezi kupinda kona zake, na huko zilikwenda pikapu za dizeli zikivuta trela yenye tangi la lita elfu mbili. Maji ya lita elfu mbili ni tani mbili. Ongeza chuma cha tangi, chesisi na matairi, utapata tani mbili na nusu zinazoning'inia nyuma ya gari ambalo lenyewe halifiki uzito huo. Hapo ndipo nilipoanza kuwadharau madereva.

Maana katika Kigali ya miezi ile kila mwanaume aliyefika akiwa na funguo mfukoni alikuwa dereva. Mmoja alikuwa ameendesha trekta la shemeji yake mara mbili huko Karagwe. Mwingine alikuwa utingo Kampala, akaamini kwamba kuketi karibu na usukani miaka minne ni sawa na kuushika. Wote walikuwa na dawa moja ya mlima: hasira. Walikanyaga mafuta mpaka mwisho, wakaachia klachi kwa kishindo, gari likaruka, trela likavuta nyuma, moshi mweusi ukatanda na harufu ya klachi inayoungua ikatufikia hadi kwenye pampu. Kisha walishuka, wakafungua boneti na kusimama mikono kiunoni. Sijui walitarajia kuona nini humo ndani. Labda akili zao.

Xavérine alikuja siku ya pili baada ya tangazo la kazi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mnene kiasi, kitambaa cha kijani kichwani, na alikuwa na pikapu nyeupe yenye boneti ya bluu iliyotolewa kwenye gari lingine. Alizaliwa na kukulia Burundi. Mume wake alikuwa akibeba mapipa ya mawese kutoka Bujumbura kupandisha mlima hadi Bugarama, barabara inayopanda na kupanda mpaka masikio yanaziba. Mume alipofariki, shemeji zake walimletea dereva. Dereva wa kwanza alichoma klachi. Wa pili alichoma klachi. Wa tatu aliuza tairi la akiba, kisha akachoma klachi. Xavérine alimwacha binti yake Aurore kwa bibi, akaketi kwenye usukani mwenyewe, na hakutoka hapo kwa miaka minane. Tulimwita Mama Aurore. Binti mwenyewe alikuwa bado Bujumbura, akimalizia shule kwa masista.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Gatsata, kwenye kituo cha watoto juu ya mlima, na hakuna dereva mwingine aliyeitaka. Nilianza kujaza tangi. Lilipofika robo tatu nikafunga koki, maana ndivyo madereva wengine walivyotaka, wakisema gari lisichoke.

"Unafunga nini?" akaniuliza.

"Inatosha, mama. Mlima ni mkali."

"Weye umesoma wapi?"

"Ngara."

"Ngara hakuna maji?" Alinisukuma kando, akafungua koki mwenyewe. Maji yalipanda, yakafika mdomoni mwa tangi, yakamwagika kwenye matairi. "Tangi lijae mpaka litapike, au liwe tupu kabisa. Likiwa na nafasi, maji yanatembea. Ukipanda mlima yanakimbilia nyuma, trela linabonyea nyuma, mbele linainuka. Ndoano inayoshika trela inanyanyua mkia wa gari lako. Tairi za nyuma zinakosa kukanyaga, na hizo ndizo zinazovuta. Umeelewa, au nikuchoree?"

Nilielewa. Niseme ukweli, nilijisikia mjinga, na kujisikia huko kulinifaa, maana sikufunga tena koki kabla ya wakati. Isipokuwa siku moja tu.

Kumwona akipanda ilikuwa kama kumwona mtu hafanyi chochote. Aliweka gia namba moja palepale chini, kabla ya mlima kuanza. Aliachia klachi taratibu, akautoa mguu kabisa, na tangu hapo hakuigusa. Injini ilinguruma kwa sauti nzito ya chini, haikulia wala haikupayuka. "Dizeli nguvu yake iko chini," alisema. "Anayeipigisha kelele anataka majirani wamsikie." Gari lilikwenda mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Wanawake wenye ndoo walimpita kwa miguu. Madereva wengine walimcheka. Alisimama mara mbili tu, kwenye sehemu mbili zilizo sawa kidogo, akasubiri mshale wa joto ushuke, kisha akaendelea. Safari tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, na klachi ileile aliyotoka nayo Bujumbura.

Nyuma yake alitembea Gratien na kabari. Kila trela lilikuwa na mtu wa namna hiyo, kwa sababu trela hazikuwa na breki zake, na gari likisimama mlimani lazima mtu asukumize kipande cha mti mgumu chini ya tairi ili lisirudi. Gratien alikuwa na zaidi ya miaka hamsini, fundi mwashi wa Gatsata hapohapo. Aliokoka. Mke wake na watoto wake wanne hawakuokoka. Alisema maneno kumi kwa siku, na manane kati ya hayo yalikuwa "ndiyo".

Xavérine alimtukana tangu asubuhi hadi jioni.

"Gratien! Unatembea nyuma ya trela kama unafuata harusi! Toka! Kaa ubavuni!"

"Ndiyo, mama."

"Kabari inaingizwa kwa fimbo ndefu, si kwa mkono! Mkono una mwingine nyumbani?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo nini? Una mkono mwingine?"

"Hapana, mama."

Sista Pudentienne, aliyesimamia kituo cha watoto, aliniambia siku moja kwamba hapendi namna mama yule anavyosema na mtu aliyefiwa kiasi kile. Nilimjibu kwamba sijui, lakini kila jioni nilimwona Gratien akipanda mbele ya pikapu kwa hiari yake, akashushwa mlangoni kwake, na kesho yake alikuwa wa kwanza kufika. Wengine tulimsemesha kwa sauti ya chini, kama mgonjwa. Xavérine peke yake alimsemesha kama mtu ambaye bado ana mguu wa kupoteza.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa shirika lilimleta Ntare kuwa mkuu wa usafiri.

Huyu alikulia Kampala. Alivaa miwani ya jua hata siku za mawingu, na glavu za ngozi za kuendeshea gari, zenye matundu ya vidole. Sijawahi kuelewa glavu zenye matundu. Alikuja na pikapu mpya ya dizeli, nyeupe, plastiki bado imefunika viti, na aliipenda kuliko wanaume wengi wanavyowapenda mama zao. Kiswahili alikidharau, akakiongea kama mtu anayetupa maganda, lakini hakuweza kukikwepa, maana sisi wengine Kiingereza chake hatukukijua.

Siku ya kwanza alituita sote mbele ya boneti.

"Hii gari iko na nguvu farasi mia moja na kumi," alisema. "Na iko na tabo."

"Taabu?" Xavérine aliuliza.

"Tabo! Turbo! Inapuliza hewa kwenye injini, inaongeza nguvu."

"Taabu tunayo tayari, shefu."

Watu walicheka. Ntare alivua miwani, akaivaa tena. Nadhani hapo ndipo ilipoanzia.

Alitumia wiki mbili kutupima kwa saa yake ya mkononi. Akagundua kwamba Xavérine anatumia dakika arobaini kupanda Gatsata, jambo ambalo angeweza kumuuliza mtu yeyote. Akagundua pia kwamba tangi linamwagika njiani kidogo kwa sababu limejaa. Jumanne moja ya mwezi wa kumi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha na barabara nyekundu inang'aa kama sabuni iliyolowa, alikuja kwenye pampu na kuvaa glavu.

"Madamu, leo wewe pumzika. Gari yako imezeeka, inakohoa. Mimi napeleka hiyo trela. Dakika kumi na tano."

Xavérine alikuwa ameketi kwenye ngazi ya pikapu yake akila muhogo wa kuchemsha. Alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Haya," alisema.

"Mugenzi, jaza robo tatu. Hakuna sababu ya kubeba maji ya kumwaga."

Nilishika koki. Nilimtazama Xavérine. Alijua kwamba ninajua, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Alimeza muhogo.

"Jaza kama shefu alivyosema," aliniambia.

Nikajaza robo tatu, nikafunga. Ntare alipoondoka kuangalia ndoano, niliinama kwa Xavérine.

"Mama Aurore, mwambie."

"Nimwambie nini? Ana farasi mia na kumi. Wamwambie wao."

"Barabara ina utelezi."

"Mlima ni mwalimu mzuri kuliko mimi. Atakwama kwenye kona ya mikaratusi, atanusa klachi yake mpya, atarudi kwa miguu na viatu vyake vile." Akaendelea kula. Nakiri kwamba nilicheka. Sote tulitaka kuviona viatu vile vikiwa na tope.

Gratien alichukua kabari na fimbo, akasimama ubavuni mwa trela. Ntare akatoa kichwa dirishani. "Wewe mzee, kaa nyuma. Nyuma kabisa, nikuone kwenye kioo." Gratien alitugeukia. Alimtazama Xavérine, kitambo kirefu kuliko kawaida yake. Xavérine alikuwa anapangusa vidole kwenye kitambaa. Basi Gratien akaenda nyuma.

Kutoka kwenye pampu unaona barabara ya Gatsata hadi kona ya kwanza. Pikapu mpya ilipanda hapo vizuri sana, kwa gia namba mbili, ikivuma, na Ntare alitupungia mkono. Kisha ikapotea nyuma ya nyumba. Tulisikia sauti yake ikipanda, ikapanda zaidi, ikawa kilio. Kimya. Kilio tena. Wanaume kwenye pampu wakaanza kutabasamu. Kisha tukasikia chuma kikigonga kitu, na mwanamke akapiga yowe, na baada yake wengine.

Xavérine aliangusha muhogo. Sikuwahi kumwona akikimbia, na sikujua kwamba anaweza. Nilirukia nyuma ya pikapu yake ikiwa imekwisha kuondoka.

Kwenye kona ya mikaratusi mambo yalikuwa hivi, kama tulivyoyaona na kama wanawake wa ndoo walivyotueleza. Mlima ulipokaza, maji yalikimbilia nyuma ya tangi kwa mkupuo. Mkia wa pikapu ukanyanyuka. Tairi zikaanza kuzunguka zikichora tope, na Ntare, badala ya kutulia, akakanyaga mafuta zaidi, tairi zikachimba. Akakanyaga breki. Tairi zikafunga, lakini gari lililofunga tairi juu ya tope ni mtumbwi tu, na trela la tani mbili lilianza kulivuta chini. Gratien angeweza kuruka mtaroni. Lakini chini yake, kwenye kona, kulikuwa na wanawake na ndoo zao. Alisukumiza kabari kutoka hapo nyuma alipoamriwa kukaa, na kwa sababu tope lilikuwa limeimeza fimbo, aliisukuma kwa mguu. Trela lilipinda, likapanda juu ya kabari na juu ya mguu, likaegemea ukingo wa udongo. Hapo likasimama. Wanawake hawakuguswa.

Mguu wa Gratien ulikuwa bado chini ya tairi. Yeye alikuwa ameketi kwenye tope, ameshika goti kwa mikono miwili, mdomo wazi, hatoi sauti.

Ntare alikuwa amesimama kando ya mlango wake. Glavu alikuwa nazo bado. "Barabara ni mbaya," alisema. "Mmeona hii barabara? Na mzee ameweka hiyo kitu vibaya."

Nilisubiri Xavérine ammalize. Ningelipa kumsikia. Lakini alimpita kama mtu anavyopita nguzo, akapiga magoti nyuma ya tangi.

"Mugenzi, fungua koki. Mwaga yote."

"Hayo ni maji ya watoto!" Ntare alisema.

"Mwaga yote!"

Nikafungua. Maji yakatoka kwa nguvu, yakashuka mtaroni mekundu, na wanawake, ambao hawakuwa wajinga, wakakinga ndoo zao huku wengine wakikimbilia majembe. Xavérine aliwaonyesha mahali pa kuchimba, chini ya kisigino, si chini ya tairi. Alimshika Gratien mabega kwa nyuma.

"Tazama kule juu," alimwambia. "Usitazame chini. Nani aliyejenga ule ukuta?"

"Mimi," Gratien alisema.

"Umepinda."

"Haujapinda."

"Umepinda upande wa kushoto. Naona kutoka hapa."

"Haujapinda, mama! Nilipima mimi mwenyewe..." Na hapo wanaume sita wakanyanyua trela tupu kwa gogo la mkaratusi, tope likaachia, na mguu ukatoka.

Tulimpeleka hospitali nyuma ya pikapu ile ya zamani, Xavérine akishuka mlima kwa gia namba moja, bila kugusa breki. Madaktari walimkata vidole vitatu na kuufunga mguu.

Alasiri ileile Xavérine alirudi kwenye pampu. Ntare alikuwa ofisini akiandika ripoti. Trela lilikuwa limeshushwa, limechubuka lakini zima. Nililijaza mpaka likatapika. Hakuwapo mtu wa kabari, kwa hiyo nilimwachia mwenzangu pampu, nikachukua fimbo mimi. Nilitembea ubavuni njia nzima. Hakunitukana hata mara moja, na jambo hilo lilinitisha.

Tuliposimama mahali pa kwanza kupoza injini, alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na gari limezimwa.

"Nilijua, Mugenzi."

"Sote tulijua."

"Weye ulitaka nimwambie. Mimi nilitaka kucheka. Nilifikiri mlima utamkamata yeye. Mlima hauna macho. Unamkamata aliye karibu."

Juu, Sista Pudentienne alikuwa amepanga watoto na vidumu tangu asubuhi, na hakuna aliyemlalamikia Xavérine kwa kuchelewa, ingawa nadhani angependa walalamike.

Kesho yake, saa ya mchana, tulikwenda hospitali pamoja. Gratien alikuwa ameketi kitandani, mguu umefungwa mkubwa kama mtungi. Xavérine aliweka ndizi kwenye blanketi, akasimama. Sijawahi kumwona akisimama namna ile, kama mtu aliyeitwa kwa mwalimu.

"Tangi lilikuwa robo tatu," alisema. "Nilijua litafanya nini. Nilikaa pale nikala."

Gratien alimenya ndizi, taratibu, mpaka mwisho.

"Kila siku unanitukana kwa sababu ya mahali ninapotembea," alisema. Kwa Gratien hiyo ilikuwa hotuba. "Jana yule bwana aliponiweka nyuma, nilikutazama. Nilingoja unitukane. Hukunitukana. Nikafikiri, basi, leo ni sawa."

Xavérine alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya jengo, amesimama kuelekea ukutani, kitambaa cha kijani kimefunika uso. Sikumgusa. Nilisubiri mpaka akajipangusa, akatazama paa la hospitali na kusema kwamba aliyeezeka lile paa alikuwa mlevi.

Tangu wiki ile alibadilika, ila si kama watu wanavyobadilika katika mahubiri. Hakuwa mpole. Alikuwa mbaya zaidi. Yale macho ya kimya aliyaacha, na badala yake alisema, kwa sauti, kwa kila mtu, kabla gari halijaondoka. Alizunguka matangi ya wenzake akiyagonga kwa kifundo cha kidole. "Hili lina nafasi! Unabeba maji au unabeba ngoma? Rudi!" Alifungua boneti za watu bila ruhusa. Alimshusha dereva mmoja kutoka kwenye usukani kwa kumshika ukosi wa shati, kwa sababu ndoano haikuwa na pini, ilikuwa imefungwa kwa waya wa uzio. Wanaume walilalamika kwamba mama huyu anawaaibisha. Walikuwa sahihi, na walikwenda kutafuta pini.

Hata Ntare alipata zamu yake. Ripoti yake, tuliyosomewa, ilisema kwamba sababu ni hali ya barabara na matumizi mabaya ya kabari. Xavérine alikwenda ofisini kwake, mimi nikiwa mlangoni, na akasema hivi:

"Shefu, ulikosea, na mimi nilikuona unakosea. Jumamosi uje uwanja wa chini na trela tupu. Nitakufundisha."

"Mimi nifundishwe na..."

"Na mimi. Ama nipande na wewe siku zote nikikuangalia. Chagua."

Akaja. Sijui kwa nini, labda aliogopa macho yale kuliko aibu. Asubuhi nzima alizungushwa uwanjani kwa gia namba moja, Xavérine akitembea ubavuni na kumwambia kila alichokuwa akikifanya vibaya, na hicho kilikuwa kila kitu. Aliambiwa avue glavu ili asikie usukani. Aliambiwa avue miwani ili aone. Kufikia saa saba alikuwa na uwezo wa kuondoa gari bila kulirusha kama chura. Siwezi kusema alikuwa dereva. Siku chache baadaye alihamishiwa ofisi ya mjini, penye meza na kiti kinachozunguka, na nadhani hilo lilikuwa gari lililomfaa.

Gratien alitoka hospitali mwezi wa kumi na moja, akichechemea. Hakuweza tena kutembea mlima mzima, wala kupanda jukwaa la ujenzi. Xavérine alikuwa amepata kazi nyingine ya kubeba matofali kwenda Ndera, ambako watu walianza kujenga, na huko walihitaji mtu wa kusimama chini na kuwaambia mafundi vijana kama ukuta umenyooka. Alimpendekeza Gratien. Kwa mwenye kazi alimwelezea kuwa ni mwashi mwenye kiburi ambaye hakubali kwamba kuta zake zimepinda. Akachukuliwa.

Mwezi wa kumi na mbili bomba la Gatsata lilitengenezwa, na shirika likaamua kufunga pampu. Siku ya mwisho walifanya sherehe ndogo pale Nyabugogo. Kulikuwa na soda, viti vya kukodi na mzungu mmoja aliyeongea kwa muda mrefu, na kila dereva alipewa karatasi ngumu ya shukrani yenye muhuri. Hata yule wa trekta la shemeji alipewa. Xavérine alipokea yake, akaisogeza mbali na macho ili asome. Iliandikwa, kwa herufi za kupendeza, kwamba shirika linamshukuru Bwana Xavier kwa utumishi wake uliotukuka.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaenda kwenye pikapu, akafungua boneti ya bluu, akachomoa kijiti cha kupimia oili na kukipangusa kwa Bwana Xavier, pande zote mbili. Akakichovya, akakitazama kwenye mwanga. Oili ilitosha. Akafunga boneti, akamwambia Gratien apande mbele na asichafue kiti, na wakaondoka na matofali yao kwenda Ndera.